Ukija Wiltshire, anzia Devizes kabla ya Stonehenge

Ndugu na marafiki wakipanga safari ya Uingereza huniuliza kama Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale, inafaa gharama yake. Inafaa, lakini isiwe ya kwanza. Kaunti ya Wiltshire ina makumbusho mawili yanayotunza vitu vilivyochimbwa kuyazunguka mawe yale, na aliyeviona kwanza, akisimama mbele ya mawe atajua anatazama nini. Asiyeviona atapiga picha, atanunua sumaku ya friji, basi. Uzoefu ninaouandika hapa ni hasa wa Makumbusho ya Wiltshire, mjini Devizes, pamoja na sehemu nyingine za kaunti nilizozifikia kwa basi na kwa miguu.

Safari yangu ya awali ilikuwa ya basi la watalii kutoka London. Kampuni siitaji. Walitusomba sehemu tatu kwa siku moja, na pale kwenye mawe muda wetu uliishia chooni na kwenye foleni. Kiongozi alituhadithia mchawi Merlin na makuhani wa Kidruidi. Ni nilipohamia Swindon kikazi ndipo nikaelewa kwamba mawe makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 KK, na Wadruidi hawatajwi na mwandishi yeyote mpaka miaka elfu mbili na zaidi baadaye. Waliowaunganisha na mawe ni wasomi wa karne ya 17 na ya 18, John Aubrey na William Stukeley. Nilikuwa nimelipia uvumi.

Kwa hiyo mjomba wangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, mwalimu mstaafu wa historia, mtu asiyekubali kudanganywa kuhusu tarehe, nilimpeleka Devizes.

Devizes haina treni. Kituo chake kilifungwa mwaka 1966. Toka Swindon kuna basi namba 49 linalopita Avebury kabla ya kufika Devizes, na hiyo ni bahati maana Avebury, kijiji chenye duara lake la mawe, ni lazima uione. Ushauri wangu: pitiliza hadi Devizes asubuhi, shuka Avebury wakati wa kurudi. Ratiba iangalie mapema, hasa Jumapili.

Makumbusho yenyewe yako Long Street, katika nyumba za zamani ambazo ukiwa na haraka unaweza kuzipita. Yanaendeshwa na chama cha wenyeji cha akiolojia na historia asilia kilichoanzishwa mwaka 1853. Hilo lilimgusa mjomba kuliko yote: si serikali, si chuo kikuu, ni watu wa kaunti walioamua miaka mia moja na sabini iliyopita kwamba vitu vya kwao vikae kwao. Havikukaa siku zote. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 dhahabu yao maarufu ilikuwa British Museum, London, na Devizes wakabaki wanaonyesha nakala. Sasa ipo nyumbani, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 2013, na ukumbi huo peke yake unatosha kukulipa tiketi yako.

Dhahabu hiyo ilitoka Bush Barrow, kaburi la tuta lililo kama kilomita moja kutoka Stonehenge. Lilifukuliwa mwaka 1808 na William Cunnington, mfanyabiashara wa sufu wa kijiji cha Heytesbury. Bwana huyu alisumbuliwa na kichwa, madaktari wakamwambia atoke nje, apande farasi, apate hewa. Huko nje akaanza kuyatazama matuta. Fedha zilitoka kwa Sir Richard Colt Hoare, tajiri wa ukoo wa benki aliyemiliki bustani za Stourhead, na majembe yalishikwa na Stephen na John Parker, baba na mwana. Kwa pamoja walifukua mamia ya matuta. Ukipenda uwalaumu kwa pupa, lakini waliandika walichokiona na wapi walikiona, jambo ambalo wachimbaji wengi wa siku zao hawakujisumbua nalo.

Ndani ya Bush Barrow alilala mwanamume mrefu, aliyezikwa karibu mwaka 1900 KK. Kifuani alikuwa na bamba la dhahabu lenye umbo la almasi, urefu wake zaidi ya sentimita 18, limechorwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba unashangaa rula waliitoa wapi. Alikuwa pia na kifungo cha mkanda cha dhahabu, rungu la jiwe lililong'arishwa, shoka, na majambia.

Kwenye majambia hayo ndipo tulipokwama. Moja lilikuwa na mpini wa mbao uliopambwa kwa vimisumari vya dhahabu vyembamba kama unywele, vinavyokadiriwa kufikia 140,000, vimepandwa kimoja kimoja. Katika sentimita moja ya mraba viliingia zaidi ya elfu moja. Wataalamu wa macho wanasema kazi ya namna ile inaelekea ilifanywa na watoto na vijana, kwa kuwa jicho la mtu mzima haliwezi kukaza kwa karibu hivyo, na kwamba waliofanya huenda uoni wao uliharibika mapema. Mjomba alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mwanangu, hapa kuna watoto waliopofushwa ili mkubwa mmoja apendeze." Sijasoma maelezo ya kibao chochote cha makumbusho yaliyosema zaidi ya hapo.

Mpini wenyewe hauko mzima. John Parker alipopitisha mwiko wake, vimisumari vilitawanyika udongoni kabla Cunnington hajajua ni nini. Vingine viliazimwa na Profesa Richard Atkinson, aliyechimba Stonehenge miaka ya 1950, na baada ya kifo chake vikaonekana kwenye kikopo cha filamu katika Chuo Kikuu cha Cardiff. Nilicheka, mjomba hakucheka.

Kumbi zinazofuata, za Warumi, Wasaksoni na mji wa Devizes wenyewe, ni nzuri ila tulizipita kwa mwendo wa watu wenye njaa. Anayetafuta historia ya kijiji au ya mtaa, si ya mawe, ajue kwamba nyaraka za kaunti, yaani rejista za ubatizo, ramani za mashamba, wosia na mengineyo, ziko katika kituo cha kumbukumbu cha Chippenham, na kusoma pale ni bure. Pia kuna ule mradi mkubwa wa kuandika historia ya kila kaunti ya Uingereza, ulioanza mwaka 1899 na kupewa jina la Malkia Victoria. Juzuu nyingi za Wiltshire zinasomeka bure kwenye intaneti. Nimeshawatumia wenzangu kazini kurasa za mitaa yao, wenyeji kabisa, nao hawakujua.

Avebury tulishuka alasiri. Hakuna geti wala tiketi ya kuingia kwenye duara, utalipa maegesho tu kama una gari. Hapa mawe yamezunguka kijiji: kuna barabara, nyumba, baa, na kondoo wanaojikuna kwenye majiwe ya miaka 4,500. Ni duara la mawe kubwa kuliko yote Uingereza, na handaki lake lilichimbwa kwa pembe za kulungu. Aubrey aliliona mwaka 1649 akiwa kwenye msafara wa kuwinda, akaandika kwamba linaizidi Stonehenge kama kanisa kuu linavyolizidi kanisa la kijijini. Mimi namuunga mkono.

Kinachoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Alexander Keiller, tajiri wa Kiskoti aliyerithi biashara ya jamu ya machungwa. Miaka ya 1930 alinunua ardhi ya kijiji, akachimbua mawe yaliyokuwa yamezikwa, akayasimamisha, na palipokosa jiwe akaweka nguzo fupi ya saruji. Bila yeye tungekuwa tunatazama malisho. Lakini ili duara lionekane, nyumba zilibomolewa na wanakijiji wakahamishiwa pembeni. Maelezo ya pale hayafichi hilo, ila huwa ni mistari michache baada ya sifa nyingi. Mwaka 1943 aliliuza eneo kwa National Trust, shirika la kuhifadhi maeneo ya urithi, kwa pauni 12,000, bei ya shamba.

Na kwa nini mawe yalikuwa chini? Katika Zama za Kati wenyeji waliyaangusha na kuyafukia, na karne ya 18 wengine waliyapasha moto kisha kuyamwagia maji baridi yapasuke, wapate mawe ya kujengea. Stukeley alishuhudia na kulia kwa maandishi. Mwaka 1938 watu wa Keiller waliinua jiwe moja wakakuta mifupa ya mwanamume, na sarafu za fedha za miaka ya 1320, mkasi na kichokoo cha chuma. Wakamwita kinyozi-tabibu, maana kinyozi wa Ulaya siku zile alikuwa kama kinyozi wetu wa zamani wa mwambao, ananyoa na anaumika. Ilisemwa kwamba jiwe lilimwangukia wakati wa kulizika. Waliokagua mifupa upya hawajashawishika. Mifupa hiyo ilipelekwa London, ikahesabiwa imeteketea kwa mabomu ya mwaka 1941, kisha mwaka 1999 ikaonekana salama kwenye hifadhi ya makumbusho mengine ya London. Vitu vyake vimo kwenye makumbusho madogo ya Keiller pale pale kijijini.

Kutoka Avebury unatembea hadi Silbury Hill, kilima kilichojengwa na watu karibu mwaka 2400 KK, kirefu zaidi ya mita 30. Kupanda ni marufuku, na sababu ni ya kweli: watu walichimba mashimo humo mwaka 1776, 1849 na 1968, wakitafuta mfalme au hazina, hawakupata yeyote, na mwaka 2000 kilele kikadidimia. Kiliimarishwa mwaka 2007. Ng'ambo ya barabara kuna West Kennet, kaburi refu la yapata mwaka 3650 KK ambamo ilikutwa mifupa ya watu wasiopungua 36. Unaingia ndani bure, hakuna mlinzi. Beba tochi na vaa viatu vya matope. Mjomba magoti yalimgomea kwenye mwinuko wa kwenda kaburini, akaningoja chini na chai ya chupa, akinipigia simu nimsimulie.

Siku nyingine tulikwenda Salisbury. Makumbusho yake yako kwenye uwanja wa kanisa kuu, na anayetakiwa kuonwa ni Mpiga Mishale wa Amesbury, aliyefukuliwa mwaka 2002 kama kilomita tano kutoka Stonehenge. Alizikwa karibu mwaka 2300 KK na vitu takriban mia moja: vyungu, vichwa vya mishale, visu vya shaba, na mapambo ya dhahabu yaliyo miongoni mwa ya kale kabisa kupatikana Uingereza. Goti lake lilikuwa bovu. Kemia ya meno yake inaonyesha alikulia upande wa milima ya Alps.

"Kumbe na huyu ni mhamiaji?" mjomba akauliza.

"Tena bila viza, mjomba."

"Na wakamzika kwa heshima hii!" Akakaa kwenye benchi, na mlezi wa ukumbi ilibidi atukumbushe kwamba wanafunga.

Stonehenge tukaiacha mwisho. Sasa mjomba alikuwa na maswali yake mwenyewe. Alitaka aonyeshwe upande lilipo Bush Barrow, akaonyeshwa. Alitaka kujua mawe yalitoka wapi: yale makubwa msitu wa West Woods, kama kilomita 25, jambo lililothibitishwa mwaka 2020, yale madogo ya kijivu-buluu Wales magharibi, zaidi ya kilomita 200, na jiwe la katikati, kwa utafiti wa mwaka 2024, kaskazini-mashariki mwa Scotland. Alipoambiwa mahali hapo paliuzwa kwa mnada Salisbury mwaka 1915, Cecil Chubb akalipa pauni 6,600 na miaka mitatu baadaye akalikabidhi taifa, alitikisa kichwa. Mimi nilimpa ya chupa ya mvinyo: Cunnington aliizika chini ya jiwe mojawapo kwa ajili ya wachimbaji wa baadaye, na kweli wakaikuta baada ya Vita vya Kwanza.

Ya kuzingatia kwenye tiketi. Stonehenge ukinunua mapema kwenye tovuti ni nafuu kuliko getini. Mwanachama wa English Heritage, shirika linaloitunza Stonehenge, anaingia bure, na wa National Trust pia, kwa hiyo mwenye kukaa huku mwaka mzima apige hesabu ya uanachama. Tiketi ya kawaida inakuweka nje ya kamba. Ya kuingia katikati ya mawe ni ya alfajiri au jioni, inagharimu zaidi, na hujaa mapema. Kituo cha wageni kiko kilomita mbili na nusu kutoka kwenye mawe na kuna basi dogo la kukupeleka, hivyo mzee asiogope.

Alama zangu: Devizes tano kwa tano, Salisbury tano, Avebury tano kama hakunyeshi, Stonehenge nne kwa tiketi ya kamba. Mwenye siku moja tu na watoto wadogo aende Avebury, wakimbie. Mwenye siku moja na mzee anayependa kusoma vibao aende Salisbury kwa treni, kila kitu kiko karibu na kituo.