Waya wa spika: shaba tupu au shaba iliyopakwa fedha?

Kama stirio yako ina sauti kali, matoazi na herufi "s" za mwimbaji zinachoma masikio, utashauriwa uachane na waya uliopakwa fedha uchukue wa shaba tupu. Nami ningechukua shaba, ila kwa sababu ya bei. Fedha huishinda shaba kupitisha umeme kwa takriban asilimia 6 tu. Kwenye waya wa mita 3 sikio haliisikii tofauti hiyo. Unene wa milimita za mraba 2.5 unawatosha kabisa wenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Kwaruza ncha kwanza: ndani pakiwa peupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani. Pesa iliyobaki nunua zulia na mapazia mazito, maana sakafu ya vigae na kuta tupu ndizo zinazorudisha ukali mwingi.