Refugee Law Project ya Makerere: Msaada wa Sheria Wenye Darasa Ndani Yake

Refugee Law Project, yaani Mradi wa Sheria ya Wakimbizi, ni mradi wa Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanzishwa mwaka 1999. Makao yake yako Old Kampala. Huduma zake ni za bure: ushauri na msaada wa sheria, ushauri nasaha kwa waliopitia mateso, masomo ya Kiingereza kwa watu wazima, na utafiti unaochapishwa kwa yeyote kusoma. Tunaupima hapa kwa macho mawili, ya mwomba hifadhi anayehitaji msaada na ya mwanafunzi wa sheria anayetaka kuijua kazi.

Kwa mwomba hifadhi, jambo la kwanza ni kalenda. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inataka ombi lipelekwe ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Kamati ya Ustahiki, yaani kamati ya serikali inayoamua nani ni mkimbizi, inatakiwa kuliamua ndani ya siku 90. Ukikataliwa, una siku 30 tangu kuarifiwa kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Wakimbizi. Wengi huharibikiwa hapo. Mtu anapokea barua ya Kiingereza asichokisoma, anaiweka, anasubiri jirani amtafsirie, na anapofika kwa mwanasheria wiki ya tano muda umeshapita. Kuna jambo jingine ambalo hata wanafunzi hawalijui mpaka washike jalada: Bodi haina mamlaka ya kumpa mtu hadhi ya ukimbizi. Inaweza kuuthibitisha uamuzi, au kuutengua na kurudisha shauri kwa Kamati. Kwa hiyo rufaa nzuri huandikwa kwa kumfikiria msomaji wa pili, yaani Kamati ileile itakayolisikiliza upya. Ioneshwe ushahidi gani haukutazamwa na swali gani halikuulizwa. Kulalamika kwamba uamuzi hauna huruma hakusaidii kitu.

Nguvu ya mradi wa aina hii kama darasa iko kwenye maelezo ya mteja. Kitabuni, fasili ya mkimbizi ni aya moja. Mezani ni milango kadhaa, na mwanafunzi lazima aijaribu yote. Kuna mlango wa Mkataba wa 1951 wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi: hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Kuna wa Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, unaomhusu aliyekimbia uvamizi au matukio yanayovuruga vibaya amani ya nchi nzima au sehemu yake. Na sheria ya Uganda imeongeza wake: anayehofia kuteswa kwa kukataa mila zinazobagua kijinsia. Mama aliyetoka Ituri, mashariki mwa Kongo, akasema tu "kulikuwa na vita" huingizwa kwenye mlango wa pili, jalada likafungwa, kumbe alikimbia pia ndoa ya nguvu, na hakuna aliyemuuliza. Kosa hilo halirekebishiki kirahisi baadaye, kwa sababu akilisema kwenye rufaa ataulizwa kwa nini hakulisema mwanzo.

Maelezo mazuri yana utaratibu wake. Kwanza acha mtu asimulie bila kukatizwa, kisha rudi nyuma upange miezi na mahali. Asiyekumbuka tarehe usimlazimishe. Tumia msimu wa mvua, mavuno, mwaka wa shule wa mtoto. Andika alichoona yeye na alichosikia kwa wengine katika aya tofauti. Epuka maneno ya sheria mdomoni mwake, maana mkulima wa Masisi, huko Kivu Kaskazini, hasemi "niliteswa kwa msimamo wa kisiasa" na msikilizaji atashuku. Mkalimani asiwe ndugu wala mtu wa upande uliomfukuza. Mwishoni maelezo yasomwe kwa sauti, katika lugha ya mteja, kabla ya kutia sahihi. Waliotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, wengi husema Kiswahili, lakini si kile cha Dar es Salaam, na mkalimani asiyezoea lahaja hiyo hupotosha mambo madogo yanayokuja kugeuzwa "ukinzani".

Mipaka ya huduma iko, na ni vema kuijua mapema. Mradi hauwezi kumpa mtu nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Hilo ni la UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na nchi zinazopokea, na anayekuja kwa ajili hiyo tu atarudi amekasirika bure. Aliye kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali ana safari ndefu hadi Kampala, hivyo aulize kwanza ofisi iliyo karibu naye. Fedha hutegemea wafadhili. Na mwavuli wa chuo haukingi kila mvua: mwaka 2014 serikali iliusimamisha mradi kwa muda kufanya kazi na wakimbizi, na kila kliniki ya msaada wa sheria ya chuo inayokuja kuanzishwa inapaswa kujiandaa kwa siku kama hiyo, hasa majalada yatabaki mikononi mwa nani.

Kwa mwanafunzi kutoka Tanzania, tahadhari. Sheria yetu ya 1998 inampa anayeingia siku 7 za kujitokeza, na inawaweka wakimbizi kwenye maeneo maalumu kama Nyarugusu. Stadi ya kuhoji inahamishika. Ratiba na hoja za rufaa hazihamishiki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo cha utafiti wa uhamaji wa kulazimishwa, na utafiti huo una thamani, ila mwanafunzi anayesoma ripoti bila kuketi na mteja atahitimu akijua takwimu asijue kuandika rufaa. Tungependa kuona jalada halisi, chini ya usimamizi wa wakili, likiwa sharti la kufaulu somo la sheria ya wakimbizi.

Anayekwenda Old Kampala abebe kila karatasi aliyopewa tangu mpakani, hata iliyochanika, pamoja na bahasha ya barua ya kukataliwa kama anayo. Aandike nyuma yake siku aliyokabidhiwa na aliyemkabidhi.