Inveta ya "wati 1000": nimeipima, haya ndiyo niliyoyaona

Kwanza niseme inveta hii, kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya volti 12 kuwa wa volti 240 kama wa stima, inafaa. Stima ikikatika hapa Lamu, na hukatika kwa sababu ile laini ya kilovolti 220 ina safari ndefu kutoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen ndipo itufikie, taa za nyumba, runinga na chaja za simu zinaendelea kama kawaida. Ugomvi wangu ni na boksi. Ubavuni limeandikwa wati 1000, na kando pana mchoro wa wimbi lililoviringika vizuri. Wati hizo sikuzipata, na wimbi hilo halimo.

Nilianza na fyuzi, maana kuzisoma hakuhitaji chombo. Ukifungua kifuniko cha nyuma utaziona mbili, za aina ya gari, ampea 30 kila moja, zimefungwa sambamba. Ampea 60 mara volti 12 ni wati 720. Hizo ni zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu. Ili itoe 1000 za kweli ingebidi ivute zaidi ya ampea 90 kutoka kwenye betri, na nyaya ilizokuja nazo ni nyembamba kuliko zile mafundi wanazotumia kubusti gari. Mimi naihesabu kuwa inveta ya wati 500, na kwa bei niliyoinunua, inveta ya wati 500 si hasara.

Kwa mzigo mdogo inajitahidi. Nimeiwekea balbu ya wati 100, ile ya uzi: betri ilisoma volti 12.3 na ampea 9.4, yaani karibu wati 116 zinaingia ili 100 zitoke. Isipobebeshwa kitu hunywa ampea 0.6 bure. Ukiisahau imewashwa kuanzia isha hadi alfajiri, betri ya pikipiki utaikuta hoi.

Sasa mawimbi. Nina osiloskopu ndogo ya mkononi, chombo cha kuonyesha umbo la wimbi la umeme, lakini sikuichomeka kwenye soketi, na wewe usithubutu. Kilele cha volti 240 ni karibu 340, na nyaya zote mbili zinazotoka kwenye inveta za aina hii zinaweza kuwa na moto. Nilipitisha kwenye transfoma ya 240 kwa 12 niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa, nikapima upande wa 12. Stima ya kawaida ilionyesha mlima wake, umebapa kidogo kileleni. Inveta ikaonyesha ngazi: volti zinapanda wima, zinatulia kama milisekunde 5, zinaanguka hadi sifuri na kukaa hapo milisekunde 5 nyingine, kisha hivyo hivyo upande wa chini. Mizunguko ni 50 kwa sekunde, hapo sina neno.

Kijana wa jirani, fundi wa mashine za boti, alikuwa amekaa nami barazani na mita yake ya bei rahisi. Akapima soketi ya inveta, akacheka.

"Ami, umeuziwa mbovu. Volti 190 tu!"

"Hebu lete ile yangu."

Yangu, inayopima thamani halisi ya wimbi la umbo lolote, ikasema 239. Akazitazama zote mbili, akauliza ipi ni mwongo. Mita za bei rahisi hupima wastani wa wimbi, kisha huuzidisha kwa 1.11, hesabu iliyo sahihi kwa wimbi la mviringo peke yake. Kwa ngazi ya volti 340 inayokaa juu nusu ya muda, wastani ni 170, na 170 mara 1.11 ni kama 189. Cha kuchekesha zaidi kilikuja betri ilipochoka. Kilele kilishuka hadi 300, inveta ikarefusha muda wa kukaa juu ili kufidia, mita yangu ikabaki pale pale karibu na 240, na ya kijana ikapanda hadi 213. Betri inakufa, mita inashangilia. Kwa hiyo ukisoma mahali mtu analalamika kwamba inveta yake inatoa volti 190, muulize kwanza alipimia nini.

Watu husema ngazi hizi huunguza transfoma. Niliiacha ile ndogo juu ya inveta mchana kutwa bila mzigo, nikawa naigusa kila nikipita, na haikuzidi uvuguvugu wa siku zote. Hesabu nayo inakubali: sumaku ndani ya chuma hufuata volti mara muda, na hapa kila pigo lina takriban volti-sekunde 1.7, wakati nusu wimbi la stima lina karibu 2.2. Chuma kinapumua. Kelele, hata hivyo, inakera. Ule mngurumo wa chini wa stima unageuka mlio mkali, kwa sababu kona za ngazi zimejaa mawimbi madogo ya kasi.

Mwenye kuteseka ni feni. Feni ya dari ilizunguka pole pole kuliko kawaida, ikalia, na mwili wa mota ukapata joto upesi kuliko inapokuwa kwenye stima. Friji sikuijaribu, na kwa fyuzi zile sitaijaribu. Ukitaka kuendesha feni usiku kucha, na Lamu mwezi wa Februari utataka, ongeza pesa ununue ya wimbi safi, yaani lililoviringika kama la stima.

Kuna jambo moja ambalo kijitabu chake hakilitaji kabisa. Raketi nyingi za mbu na tochi za kuchaji hazina transfoma ndani, zina kapasita tu ya kupunguza umeme. Kapasita hupitisha umeme kwa kadiri volti zinavyobadilika haraka, na ukuta wima wa ngazi ndiyo haraka yenyewe, kwa hiyo umeme unaopita unaweza kuzidi kiasi na kuviharibu vifaa hivyo. Hizo zichomeke stima ikirudi.