Matembezi ya ndege "kwa wazee": mwongozaji aliyemcheka mume wangu kwa masikio yake

Nilidhani nikikaa kidogo hasira itapungua ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika nayo.

Miezi michache iliyopita, mvua za masika zilipokuwa zimekatika, mimi na mume wangu tulilipia matembezi ya kutazama ndege katika bustani ya miti ya Arboretum, Nairobi. Kampuni iliyoyaandaa iliyatangaza kuwa ni ya wazee na ya mwendo wa taratibu. Kuhusu njia sina lalamiko. Tulipita penye ardhi tambarare, ambapo mtu mwenye mkongojo hana hofu ya kuanguka, na hatukulazimishwa kuteremka upande wa mto. Mwongozaji naye, lazima nimtendee haki, anawajua ndege vilivyo. Alimtambua chozi, yule ndege mdogo, kwa mlio tu, kabla yeyote kati yetu hajainua darubini.

Lakini hapo hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alituongoza kwa masikio yake, si kwa yetu. "Huyo, mmemsikia? Juu, kulia. Haya, twende." Wazee wengi hatumsikii chozi. Umri unapoanza kuyadhoofisha masikio, huanza na sauti nyembamba za juu, zile zile ambazo ndege wengi wadogo hulia nazo, huku sauti nzito zikiendelea kusikika vizuri kwa miaka mingi. Anayewauzia matembezi watu waliopita miaka 60 ana wajibu wa kulijua jambo hili kabla hajachukua pesa zao.

Mume wangu alimwomba, kwa adabu kabisa, amwonyeshe ndege yuko tawi gani kwa kuwa hakumsikia. Mwongozaji akawageukia wenzetu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Sasa Mzee, kama masikio nayo yamestaafu, mimi nitafanyaje?" Wawili watatu wakacheka. Mume wangu hakujibu. Aliinua darubini akaanza kuzungusha kile kigurudumu cha katikati, akakizungusha mbele na nyuma kwa muda mrefu, akiuelekea mti ambao ndege alikwisha kuruka.

Huyu ni mtu aliyefanya kazi katika karakana ya reli tangu enzi za injini za mvuke, wakati ambapo fundi hakupewa chochote cha kuziba masikio. Na Arboretum yenyewe ilianzishwa mwaka 1907 kuwa mahali pa kujaribia miti inayokua haraka, ili reli ipate kuni za injini zake. Kwa hiyo alichekwa kwa sababu ya masikio aliyoyapoteza relini, akiwa amesimama katika bustani iliyoanzishwa kwa ajili ya reli. Sijui kama mwongozaji yule ameshawahi kuwaeleza wageni wake historia hiyo. Sisi hakutueleza.

Aliyetuokoa ni kijana aliyekuwa akibeba darubini za akiba. Kikundi kilipoendelea mbele, yeye alibaki nasi. "Mzee wangu, hebu tukae hapa kwenye benchi," alisema. "Hondohondo wanakula kwenye mkuyu ule. Hao utawasikia." Na kweli aliwasikia, maana hondohondo hupiga kelele nzito na mabawa yake huvuma anaporuka. Kijana hakutaja pande za kulia wala kushoto, alianza na shina, akapanda tawi baada ya tawi, akingoja mpaka mume wangu aseme, "Nimefika." Baadaye mume wangu mwenyewe, bila kuonyeshwa na mtu, alimwona shorobo akivuka uwazi kati ya miti, na wekundu wa mabawa yake ukafunguka wote. Kijana akamweleza kwamba wekundu ule una madini ya shaba ambayo ndege huyo huyapata katika chakula. Mume wangu aliisimulia habari hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kama ningeandika jioni ile ningewapa nyota nne na kuwaombea heri.

Nikawaandikia ujumbe badala yake, nikiomba jambo moja tu: mwongozaji ampigie mume wangu simu na kumwomba radhi. Jibu likaja kwamba "alikuwa anatania", na kwamba labda wakati mwingine tuchague shughuli inayolingana na umri wetu. Shughuli ya umri wetu ndiyo waliyokuwa wametuuzia! Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na waishi kwa heshima na utu. Sisemi niende mahakamani kwa ajili ya mzaha. Nasema kwamba mzaha ule, na jibu lile hasa, vilikuwa vya kutuambia tukae nyumbani.

Wala wasiniambie kwamba kazi ya kuwaongoza wazee kutazama ndege haiwezekani. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, yale yanayoanzia Makumbusho ya Taifa na ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza miaka ya 1970, yamedumu muda wote huo. Kinachohitajika ni kidogo mno: anza na ndege wenye sauti nene, kwarara na hondohondo, ili kila mtu apate ndege wake wa kwanza; onyesha kwa tawi, usionyeshe kwa mlio; kisha ngoja.

Nilikuwa nimekusudia kutoa nyota mbili. Nimelisoma tena jibu lao sasa hivi, na moja nimeiondoa. Hiyo iliyobaki ni ya kijana wa darubini, na ningeomba kampuni imkabidhi kikundi chote.