Cheni ya praimari au mkanda, ipi bora?

Naongelea ile ya pikipiki ya kutoka krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kwenda klachi, siyo cheni ya nyuma ya kwenda kwenye tairi. Na kama injini yako hapo inatumia gia kwa gia, kama pikipiki nyingi ndogo, mjadala haukuhusu.

Bei, cheni inashinda, maana mkanda unakuja na puli zake, yaani magurudumu unayozungukia.

Kudumu sasa, cheni inakaa ndani ya oili, ikichoka inalegea kidogo kidogo na kuanza kelele kwa hiyo unajua mapema, ila mkanda ukikatika umekatika, na kajiwe kadogo tu au puli zisizonyooka zinatosha kuumaliza. Lakini kwa pikipiki za zamani kama Norton Commando ya Uingereza, oili ikiingia kwenye klachi inateleza, kava nalo likivuja kazi ni kufuta oili tu, mkanda unaenda mkavu hayo yote unayasahau.

Matunzo: cheni inataka oili safi na tenshena (kikaza cheni) nzuri, mkanda unataka hewa ya kuupoza na sili ya krankshafti (mpira wa kuzuia oili) iwe nzima, oili isiuguse kabisa.

Unapita sana mawe na vumbi? Mi ningebaki na cheni nibadili tenshena tu. Kama kinachokusumbua ni klachi kuteleza na kuvuja, weka mkanda.