TAHADHARI: Muuzaji wa manifoldi "za mbio" na grafu yake ya kuchora

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na manifoldi za kuingiza hewa, yaani mirija inayogawia hewa kila silinda ya injini, anazoziita za mbio. Tangazo lake linasema ni aluminiamu tupu, mirija mifupi na mipana, unafunga tu na gari linaongezeka nguvu "kuanzia chini hadi juu" bila kugusa kitu kingine. Chini ya tangazo kuna grafu ya mashine ya kupimia nguvu. Mimi nilinunua. Msitume pesa kabla hamjasoma hapa.

Tuliifunga na fundi wangu kutwa nzima. Kabla ya hapo, gari likiwa limesimama injini inanguruma, ilikaa kwenye RPM 750 (mizunguko kwa dakika), imetulia. Baada ya kufunga ikapanda hadi 1,400 na haikushuka. Asubuhi ilimisi, yaani ilikatakata, mpaka ipate moto. Kilima ninachopanda kila siku kwa gia ya tatu, sasa nilirudi ya pili na bado gari lilikuwa zito. Siku ya pili taa ya injini ikawaka, mashine ya kusomea makosa ikaonyesha P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko mafuta. Sensa inayopima hewa haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa inapenya mahali ambapo sensa haikuiona.

Tukaifungua. Fundi alilaza rula ya chuma kwenye uso unaokaa kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), akapitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo. Katikati ilipita ya milimita 0.3 bila kusukumwa. Uso umepinda, kwa hiyo gasketi, ile ya kuziba kiungo, ilibana pembeni tu. Halafu akabandika gasketi ya zamani juu ya midomo ya mirija: kwenye mrija wa tatu ukuta wa chuma ulikuwa umejitokeza ndani ya tundu kama kizingiti. Hewa inakuja kwa kasi inagonga ukingo, inajizungusha pale pale, na nafasi ya kupita inakuwa ndogo. Nikaingiza kidole mrija wa kwanza nikakuta tone la kulehemu limeganda, gumu, ukubwa wa punje ya harage.

Lililonitia hofu zaidi ni kitambaa. Tulipitisha kitambaa cheupe kwenye mirija yote minne, kikatoka na mchanga. Vitu hivi husubiwa kwenye kalibu ya mchanga, na huyu hakuusafisha. Mchanga huo njia yake ni moja: valvu, silinda, ringi za pistoni. Kila punje ni msasa.

Sasa, mtu atasema labda nilipata moja mbovu. Hapana. Hata ingesubiwa vizuri na kusafishwa, ahadi yenyewe ni ya uongo, na hili ndilo nataka kila mmoja alielewe, maana muuzaji akibadilisha jina atarudi na maneno yale yale.

Pistoni ikivuta hewa, wimbi la mvuto hukimbia kurudi nyuma kwenye mrija kwa kasi ya sauti, takribani mita 340 kwa sekunde. Likifika kwenye chemba kubwa ambako mirija yote inaanzia, hugeuka na kurudi likiwa wimbi la msukumo. Likiikuta valvu bado iko wazi, linasukumia silinda hewa ya ziada. Likiikuta imefungwa, faida imepotea. Chukua mrija wa sentimita 40. Kwenda na kurudi ni sentimita 80, kama milisekunde 2.4. Kwa RPM 3,000, muda huo krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, imezunguka digrii 42 hivi. Kwa RPM 6,000 imeshazunguka 85. Wimbi ni lile lile, mrija ni ule ule, lakini linafika valvu ikiwa katika hali mbili tofauti kabisa. Mrija mrefu na mwembamba hubeba injini chini, kwenye vilima na foleni. Mfupi na mpana hufaa juu, ambako wengi wetu hatufiki kwa siku nzima. Tena hewa nayo ina uzito: kwenye mrija mwembamba hushika kasi hata injini ikizunguka polepole, na ikishika kasi huendelea kujisukumia ndani hata pistoni ikianza kupanda. Kwenye mrija mpana inajikokota. Kile kilima changu kiliniambia hivyo kabla ya fundi.

Wahandisi wamelijua hili zamani. Chrysler 300F ya mwaka 1960 ilitoka na mirija ya inchi 30, kama sentimita 76, na nguvu farasi 375. Kulikuwa na toleo la farasi 400 ambalo kwa nje mirija yake ilifanana, ila ndani kuta zilikatwa ili urefu unaofanya kazi ubaki nusu. Nguvu ya juu iliongezeka, torki (nguvu ya kuzungusha) ikapungua na ikasogea kwenye RPM za juu zaidi. Walipata huku, wakatoa kule. Mazda 787B iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na mirija inayorefuka na kufupika. BMW nao waliweka mirija inayobadilika urefu kwenye injini yao ya silinda nane, N62, mwaka 2001. Wasingejitesa hivyo kama mrija mmoja mfupi ungetosha kuanzia chini hadi juu.

Na ile grafu. Nguvu farasi ni torki ya pauni-futi mara RPM, gawanya kwa 5,252. Kwa hiyo mistari hiyo miwili ikichorwa kwenye kipimo kimoja kwa vizio hivyo, lazima ikutane RPM 5,252. Si injini ya nani wala ya nchi gani, ni hesabu. Kwenye grafu ya huyu bwana mistari inakutana kabla ya 4,000. Nilikuwa nayo kwenye simu wiki nzima na sikuangalia. Ile haikupimwa popote, imechorwa.

Anapenda pia kuidharau manifoldi ya plastiki iliyokuja na gari. Msikubali awaaibishe. Plastiki ile ndani ni laini, haibebi joto la injini kama aluminiamu, na hewa iliyopoa ni nzito zaidi, inaingia nyingi kwa ujazo ule ule.

Nilipomwandikia alijibu kwamba fundi wangu hajui kufunga. Nikamtumia picha ya rula na mchanga, akanizuia. Siku chache baadaye niliona ukurasa wenye jina jingine, picha zile zile, grafu ile ile.

Kama unataka kununua manifoldi yoyote kwa mtu, mwombe picha ya ndani ya kila mrija ikimulikwa tochi, na picha ya rula juu ya uso wa kufungia. Muulize inaongeza nguvu kuanzia RPM ngapi na inapoteza wapi. Anayejua kazi yake atakujibu swali la pili bila kusita. Huyu nilipomuuliza alisema haipotezi popote, na hapo ndipo nilipaswa kuacha.

Kwa aliyekwisha kuifunga: usiendelee kuendesha. Ifungue, pitisha kitambaa cheupe mirija yote. Kikitoka na mchanga, safisha mpaka kwenye milango ya silinda hedi, mwaga oili, badilisha na filta, ndipo urudishe ile ya zamani. Yangu imerudi 750.