Seli, vinasaba na asili ya Washirazi: tathmini ya darasa la likizo mjini Unguja

Darasa hili la sayansi hufunguliwa mjini Unguja wakati wa likizo, katika wiki mbili zinazotangulia Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari. Mwanangu alisoma hapo mwaka huu, nami nilikaa nyuma ya chumba katika vipindi kadhaa, kwa kuwa walimu hawawazuii wazazi. Ninaliandikia tathmini kwa sababu lilifanya jambo ambalo sijalikuta katika masomo mengine ya ziada hapa kwetu: liliichukua hadithi ambayo watoto wameikuta majumbani mwao, likaitumia kufundishia seli na vinasaba (DNA, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli), bila ya kuidharau hadithi wala kuilazimisha sayansi ikubaliane nayo.

Hadithi yenyewe tunaijua. Mwaka Kogwa, unaosherehekewa mwezi wa Julai, hufungamanishwa na Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na wazee wa Kusini mwa Unguja husimulia kwamba mababu zao, Washirazi, walivuka bahari kutoka Shirazi, mji wa Uajemi (Irani ya leo). Wanaume hupigana kwa migomba ili wamalize chuki za mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, na upande ambao moshi unaelekea huaminiwa kuashiria mambo ya mwaka unaoingia. Siku ya mwanzo mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, haya ni kweli au ni ngano tu?" Mwalimu alimjibu kwamba ameuliza maswali mawili kwa pamoja. La moshi akawaulize wazee, na mwenyewe aandike kila mwaka moshi ulikwenda wapi na mwaka ulikuwaje. La mababu linaweza kutafutiwa jibu ndani ya mwili. Jibu hilo lilinipendeza sana, kwa sababu mtoto hakuchekwa na wala hakudanganywa.

Sehemu bora ya darasa ni ile ya ndizi. Kila kikundi kilipewa ndizi mbivu, wakaiponda, wakaichanganya na maji yenye chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, wakaichuja kwa kitambaa, kisha wakamimina taratibu spiriti iliyopozwa kwenye friji. Baada ya muda mfupi nyuzi nyeupe zenye utelezi zilijikusanya juu, na watoto wakazitoa kwa kijiti. Walimu hawakuishia kwenye mshangao. Walieleza kwamba utando wa seli na ule wa kiini, yaani sehemu ya seli inayohifadhi vinasaba, umejengwa kwa mafuta, na ndiyo maana sabuni huuvunja. Kwamba chumvi huzisaidia nyuzi za vinasaba kushikamana. Na kwamba vinasaba haviyeyuki ndani ya spiriti, hivyo hujitenga. Walisema wazi pia kwamba kinachoonekana kwa macho ni fungu la nyuzi nyingi mno zilizojisokota pamoja, na kwamba umbo la ngazi iliyopindwa, ambalo wanasayansi Watson na Crick walilitangaza mwaka 1953 wakitegemea pia picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya mwanasayansi Rosalind Franklin, halionekani kwa macho.

Kutoka hapo somo lilihamia kwa binadamu: kromosomu (vifungu vya vinasaba ndani ya kiini) 46 katika jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na herufi nne za vinasaba, yaani A, T, C na G. Nilifurahi kwamba mwalimu alikumbuka kutaja kuwa chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina kiini, jambo ambalo vitabu vingi hulipita. Lakini lililobeba somo zima ni hili: mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, zilizo nje ya kiini, zina vinasaba vyake ambavyo mtoto huvirithi kwa mama, ilhali kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mtoto akishayaelewa hayo mawili, anaweza kuelewa namna mifupa ya kale inavyoweza kusema ni upande gani wa ukoo ulitoka wapi.

Ndipo ukaletwa utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Machi 2023, uliosoma vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya mwambao, ikiwemo Kilwa, Songo Mnara, Manda na Mtwapa, pamoja na eneo moja la bara. Kwa wengi wa watu wa mwambao, zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya vile vya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, ambao mchanganyiko wao ulianza kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo bahari ilivukwa kweli, lakini bibi waliotuzaa walikuwa hapa hapa. Mwalimu hakuficha kwamba makaburi hayo hayakuwa ya Unguja wala Pemba, na kwamba kwa upande wetu ushahidi ulio karibu ni wa mawe, kama maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, katika msikiti wa Kizimkazi.

Kasoro zipo. Hadubini ilikuwa moja kwa darasa zima, hivyo wengi waliiona seli ya ngozi ya kitunguu kwa sekunde chache tu. Kipindi cha sehemu za seli kilikuwa cha kunakili ubaoni. Tena hakuna karatasi yoyote iliyotolewa kuhusu mitokondria na kromosomu Y, na mwanangu alipotaka kumweleza bibi yake alichanganya ipi ni ya mama na ipi ni ya baba.

Ada ya shilingi 30,000 ni ya haki, kwa kuwa vifaa vyote vimo. Aliyemaliza darasa la sita atafaidika. Mdogo zaidi ya hapo atafurahia ndizi, ila utafiti utampita. Atakayeandikisha mtoto ampe daftari lisilo na mistari kwa ajili ya michoro, na aombe kikundi cha asubuhi, ambacho huwa na watoto wachache.